Vidonge vya bibi si mbadala wa insulini ya mjukuu

Moshi. Kila Desemba magari yanayopanda kutoka Dar es Salaam kuja Kilimanjaro hujaa. Familia zinarudi nyumbani Kibosho, Machame, Marangu na Rombo, mbuzi anachinjwa, mbege inachotwa, na watoto waliozaliwa mjini wanaonyeshwa kihamba cha babu yao. Katika baadhi ya magari hayo yumo mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza. Mkoba wa mama yake una vichupa vya insulini, sirinji na mashine ya kupima sukari.

Siku ya pili au ya tatu, ndugu wakishamwona mtoto akichomwa sindano asubuhi na jioni, maneno yanaanza. Bibi naye ana sukari, mwaka wa kumi huu. Anameza vidonge, anapalilia migomba yake, anashuka sokoni na kupanda, hajawahi kuchomwa hata sindano moja. Shangazi anauliza kwa nini mtoto ateswe. Baba mdogo anasema anamfahamu mtu mwenye duka la dawa mjini, vidonge hivyo hivyo vya bibi vinapatikana.

Swali hilo si la kijinga, na wazazi wengi wamewahi kuniuliza faraghani kwa namna moja au nyingine. Jibu lake lina sehemu mbili. Ya kwanza ni fupi: kidonge hakiwezi kuchukua nafasi ya insulini kwa mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza, na kujaribu kunaweza kumuua ndani ya siku chache. Ya pili ni ndefu kidogo, na mara nyingi hairuki nje ya chumba cha daktari: vipo vidonge ambavyo mgonjwa huyo huyo anaweza kuandikiwa, akavimeza huku akiendelea kujichoma. Mzazi asiyejua sehemu zote mbili ndiye anayechanganyikiwa siku anapoona kidonge kimeandikwa kwenye daftari la kliniki la mwanawe.

Jina moja, magonjwa mawili

Nadhani lugha yetu ina mchango katika mkanganyiko huu. Tunasema "ana sukari", basi. Bibi ana sukari, mjukuu ana sukari, na kwa masikio ya jirani huo ni ugonjwa mmoja.

Katika aina ya kwanza, kinga ya mwili, ile inayotakiwa kupambana na vijidudu, inazishambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Zikishaharibika, mwili unabaki bila insulini au na kiasi kidogo mno. Sukari inajaa kwenye damu lakini misuli haiwezi kuitumia. Mwili unajiona una njaa, unaanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe, na mafuta hayo yanaacha tindikali zinazoitwa ketoni. Ketoni zikizidi, damu inachafuka. Hospitalini hali hiyo huitwa ketoasidosisi, au kwa kifupi DKA, na ndiyo inayowaua watoto wasiopata insulini.

Kisukari cha bibi ni habari nyingine. Kongosho yake bado inatoa insulini, pengine nyingi tu, ila mwili umekuwa mzito kuiitikia. Kwa hiyo daktari ana kitu cha kufanyia kazi: anaweza kuikamua kongosho itoe zaidi, au kuusaidia mwili uitikie vizuri zaidi. Vidonge vingi vya kisukari vinavyouzwa hapa Moshi vinafanya moja kati ya kazi hizo mbili.

Chukua glibenklamaidi, kidonge ambacho wazee wengi wanakifahamu. Asili ya kundi lake ni Ufaransa, mjini Montpellier, mwaka 1942. Daktari Marcel Janbon alikuwa akijaribu dawa mpya ya jamii ya salfa kwa wagonjwa wa homa ya matumbo, akashangaa kuona sukari ikiwashuka vibaya. Mwenzake, Auguste Loubatières, akaamua kuichunguza dawa hiyo kwa mbwa. Mbwa wenye kongosho sukari yao ilishuka. Mbwa waliotolewa kongosho yote hawakubadilika hata kidogo. Dawa ilikuwa inaigongea kongosho ili itoe insulini, na pasipo kongosho hapakuwa na wa kuitika. Miaka zaidi ya 80 imepita, na majaribio hayo ya mbwa yanatosha kabisa kumjibu baba mdogo.

Metformini ni tofauti, na ndiyo inayoleta maswali zaidi. Ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1957 na daktari Jean Sterne wa Paris. Kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu, na kuusaidia mwili kuitikia insulini iliyopo. Neno la kushika hapo ni "iliyopo". Isipokuwepo, metformini haiwezi kuitengeneza, wala haiwezi kuzuia ketoni.

Wazazi wengine huuliza kwa nini basi insulini yenyewe isitengenezwe kidonge. Insulini ni protini. Ukiimeza, tumbo linaisaga kama linavyosaga maharage.

Siku chache tu

Kabla ya Januari 1922, mtoto aliyepata ugonjwa huu popote duniani hakuwa na tiba. Aliwekwa kwenye mlo wa kumnyima chakula ili asogezwe mbele kwa miezi kadhaa, kisha alikufa. Tarehe 11 ya mwezi huo, hospitalini Toronto, Canada, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson akawa mgonjwa wa kwanza kuchomwa insulini iliyotokana na kazi ya Frederick Banting na Charles Best. Aliishi miaka 13 zaidi. Mtoto anayenyimwa insulini leo, hata akipewa boksi zima la metformini, anarudishwa kule kule kabla ya 1922.

Kinachotisha ni jinsi mwanzo wake unavyodanganya. Siku ya kwanza bila sindano mtoto anaweza kuonekana mzima, na ndugu wakasema unaona sasa, vidonge vinafanya kazi. Kisha kiu inarudi, anakojoa mfululizo, pengine anakojoa kitandani wakati alishaacha zamani. Anachoka. Tumbo linamuuma, anatapika. Anahema kwa kasi na kwa kina kama aliyepanda mlima, na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Familia inayoishi Mabogini au sehemu nyingine za tambarare karibu na mashamba ya mpunga, wazo la kwanza ni malaria. Wanapima malaria, wanasubiri majibu, na saa zinakwenda. Kwa mtoto yeyote anayetapika na kuhema hivyo, sukari ipimwe saa hiyo hiyo, na aliye na kisukari tayari apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Dripu na insulini vinaweza kumrudisha, lakini vinahitaji muda ambao kila saa ya kusubiri nyumbani inaupunguza.

Hamu ya kukwepa sindano siyo ya familia moja wala ya wasiosoma. Mwaka 2011, nikiwa bado mwanafunzi, watu kwa maelfu walipita Arusha kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa Sh500, na kisukari kilikuwa miongoni mwa magonjwa waliyoyapeleka. Ndani ya magari yale kulikuwa na walimu, wahasibu na viongozi. Sindano mbili hadi nne kila siku, kwa mtoto wa miaka saba, zinamchosha mzazi yeyote, na mzazi aliyechoka husikiliza kila anayemwambia kuna njia nyepesi. Kumkaripia hakusaidii.

Kidonge kinapoandikwa na daktari

Sasa tuje kwenye sehemu ya pili ya jibu. Binti wa miaka 15, anayejichoma tangu akiwa darasa la pili, anakwenda kliniki. Ameongezeka uzito, sukari haishuki, uniti za insulini zinapanda kila mwezi. Daktari anaandika metformini. Mama anashtuka: si tuliambiwa vidonge havifai?

Binti ana kisukari kile kile, ila juu yake umeongezeka ugumu wa mwili kuiitikia insulini, ule ule tuliousema kwa bibi. Balehe peke yake huleta ugumu huo kwa muda, kwa sababu ya homoni zake, na uzito uliozidi unauongeza. Kwa kijana wa namna hiyo, daktari anaweza kujaribu metformini juu ya insulini ili insulini anayojichoma ifanye kazi vizuri zaidi.

Inasaidia kiasi gani? Hapa napenda wazazi waambiwe ukweli bila sukari. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia vijana 140 wa miaka 12 hadi 19, wote wenye aina ya kwanza na uzito uliozidi. Nusu walipewa metformini pamoja na insulini yao, nusu kidonge kisicho na dawa. Baada ya miezi sita, wastani wa sukari, ule unaopimwa kwa kipimo cha HbA1c, haukuwa bora kwa waliomeza metformini. Walichopata ni kupunguza kiasi cha insulini na kudhibiti uzito kidogo, na wengi wao zaidi walisumbuliwa na tumbo. Utafiti mwingine, wa watu wazima 428 wenye umri wa miaka 40 na zaidi katika nchi tano, ulitoka mwaka 2017 baada ya kuwafuatilia kwa miaka mitatu. Sukari ilishuka mwanzoni, kisha faida hiyo ikafifia, na lengo kuu la utafiti, yaani kupunguza kunenepa kwa kuta za mishipa ya damu shingoni, halikufikiwa. Ndiyo maana metformini haigawiwi kwa kila mwenye aina ya kwanza. Ni dawa ya wachache waliochaguliwa, na daktari ana haki ya kuisitisha baada ya miezi kadhaa akiona haileti kitu.

Kama mwanao ameandikiwa, yapo mambo ya kujua. Inamezwa pamoja na chakula au mara baada yake, na dozi hupandishwa taratibu ili tumbo lizoee. Uniti za insulini huenda zikahitaji kupunguzwa, kwa hiyo wiki za mwanzo mpime mara nyingi zaidi, hasa alfajiri, sukari isije ikamshuka. Mwenye figo zilizodhoofika haifai.

Na hili nalipa uzito kuliko yote kuhusu metformini: kichefuchefu na kuharisha ni maudhi yake ya kawaida, na kutapika ni dalili ya ketoasidosisi. Mzazi akishaambiwa kwamba dawa inasumbua tumbo, siku mtoto anapotapika anaweza kutulia akidhani ni kidonge. Usitulie. Pima sukari, pima ketoni kwenye mkojo kama una vijiti vyake, na umpeleke hospitali. Siku ya kutapika, metformini husimamishwa hadi daktari aseme. Insulini haisimamishwi, ingawa dozi yake inaweza kubadilishwa kwa ushauri wa kliniki.

Kidonge cha figo

Kama ningeulizwa ni kidonge gani kimewafaidi zaidi wagonjwa wa aina ya kwanza kwa miaka 30 iliyopita, nisingetaja cha sukari kabisa. Ningetaja cha presha.

Sukari iliyokaa juu kwa miaka inaharibu vichujio vidogo vya figo. Dalili ya kwanza haionekani kwa macho wala haiumi: protini kidogo inaanza kuvuja kwenye mkojo. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 409 wa aina ya kwanza ambao figo zao zilikwisha kuguswa. Waliopewa kaptoprili, kidonge cha presha, hatari yao ya kufa, kuhitaji kusafishwa damu au kupandikizwa figo ilipungua kwa nusu hivi kulinganisha na wenzao. Tangu hapo, kaptoprili na ndugu zake kama enalaprili na lisinoprili zimekuwa dawa za kawaida kwa mgonjwa wa kisukari mwenye protini kwenye mkojo. Si dawa mpya wala za nchi za mbali, na jirani yako mwenye presha huenda anameza mojawapo.

Lakini hakuna anayeandikiwa bila kupimwa. Kijana aliyekaa na kisukari miaka kadhaa, hasa akishabalehe, anapaswa kupimwa mkojo walau mara moja kwa mwaka kwa ajili hiyo, sambamba na macho na presha. Ukienda kliniki, uliza kipimo hicho kilifanyika lini mara ya mwisho. Na mzazi wa binti aambiwe wazi, naye binti aambiwe kwa lugha anayoielewa: dawa za kundi hili zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Najua mazungumzo ya ujauzito na binti wa kidato cha tatu ni magumu mezani kwetu. Nesi wa kliniki anaweza kuyaanzisha ukimwomba.

Vipo vingine vya kutaja haraka. Wagonjwa wa aina ya kwanza hupata matatizo ya tezi ya shingo kuliko watu wengine, kwa sababu kinga iliyoshambulia kongosho wakati mwingine inaishambulia na tezi. Hao huongezewa kidonge cha homoni ya tezi, kinachomezwa tumbo likiwa tupu. Mtoto mwenye pumu naye anaweza kuandikiwa prednisoloni. Dawa hiyo hupandisha sukari, mara nyingine sana. Mtoto asinyimwe dawa ya pumu kwa ajili hiyo, ila mwambie anayeiandika kwamba mtoto anatumia insulini, ili dozi irekebishwe kwa siku hizo.

Namba nzuri inayodanganya

Kuna kundi jipya zaidi ambalo linastahili tahadhari ya pekee, kwa sababu sifa zake zinasambaa haraka kwenye makundi ya WhatsApp. Ni dawa kama dapagliflozini na empagliflozini. Zinazifanya figo ziimwage sukari kwenye mkojo, na kwa watu wazima wenye aina ya pili au moyo dhaifu zimethibitika kuwa na faida kubwa.

Kwa aina ya kwanza historia yake ni fupi na yenye misukosuko. Mwaka 2019 nchi za Umoja wa Ulaya ziliruhusu dapagliflozini kwa baadhi ya watu wazima wa aina ya kwanza wenye uzito uliozidi, pamoja na insulini. Miaka miwili baadaye kampuni yenyewe iliyaondoa matumizi hayo Ulaya. Marekani, dawa ya kundi hilo iitwayo sotagliflozini ilikataliwa mwaka huo huo wa 2019 kwa wagonjwa wa aina ya kwanza, hofu kubwa ikiwa ketoasidosisi.

Ubaya wake ni huu: kwa sababu sukari inatoka na mkojo, mashine inaweza kuonyesha 9 au 10, namba ambayo mzazi anaifurahia, huku damu imejaa ketoni. Mtu anatapika, anahema, na kipimo kinasema hana tatizo. Kwa mtoto wa aina ya kwanza, dawa hizi zisiingie nyumbani kwa ushauri wa rafiki.

Maabara zinatafuta nini

Mzazi anayesoma habari kwenye simu atakutana pia na vichwa vya habari kuhusu vidonge vinavyoilinda kongosho. Si uongo, ila vinahitaji kusomwa hadi mwisho. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba verapamili, kidonge cha zamani cha presha, kilipotolewa kwa watoto na vijana wa miaka 7 hadi 17 ndani ya mwezi mmoja tangu kugunduliwa, kongosho zao baada ya mwaka mmoja zilikuwa zinatoa insulini kwa kiwango cha juu kwa asilimia 30 kuliko za wenzao. Mwishoni mwa mwaka huo huo, watafiti wa Melbourne, Australia, walitoa matokeo ya barisitinibu, kidonge cha ugonjwa wa baridi yabisi, kwa wagonjwa 91 wa miaka 10 hadi 30 waliogunduliwa karibuni. Nacho kilisaidia kuhifadhi sehemu ya uwezo wa kongosho.

Katika tafiti zote mbili washiriki waliendelea na insulini. Kinachohifadhiwa ni masalia ya uwezo yanayobaki siku za mwanzo, na masalia hayo hupungua kadiri muda unavyokwenda. Mtoto aliyechoma insulini kwa miaka mitano hana tena kikubwa cha kuhifadhiwa. Verapamili inapunguza mapigo ya moyo na kushusha presha, na barisitinibu inapunguza kinga. Mtu asiinunue yoyote kati ya hizo kumpa mtoto kwa sababu ameona video.

Watoto ambao sindano ziliwekwa kando kweli

Haki inataka niseme pia kwamba wapo waliochoma insulini kwa miaka, kisha wakahamia kwenye vidonge na wakawa salama. Ni wachache sana, na wana alama yao: kisukari chao kilianza kabla ya kutimiza miezi sita ya kuzaliwa.

Wengi wa watoto hao hawana aina ya kwanza. Wana kasoro ya kurithi katika jini moja. Kongosho yao ina insulini, ila mlango wa kuitolea umekwama, na dawa za familia ya glibenklamaidi zinaufungua. Mwaka 2006 timu iliyoongozwa na watafiti wa Exeter, Uingereza, iliripoti wagonjwa 49 wenye kasoro ya namna hiyo, na 44 kati yao waliweza kuacha insulini na kutumia vidonge, sukari yao ikawa nzuri kuliko awali. Maabara ya Exeter imekuwa ikipima damu ya watoto waliougua kabla ya miezi tisa bila malipo, kutoka nchi mbalimbali duniani. Kwa hiyo kama mwanao aligunduliwa akiwa mchanga kiasi hicho, hata kama sasa yuko darasa la nne, mwambie daktari umri huo na muulize kuhusu kipimo cha jini. Mabadiliko yenyewe hufanyika chini ya uangalizi wa karibu wa madaktari, hatua kwa hatua. Huko hospitali ya rufaa ya kanda, KCMC, ndiko mahali pa kuanzia kwa watu wa Kaskazini.

Kwa walioanza wakiwa wakubwa, picha ya Afrika nayo imeanza kuonekana tofauti kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, uliohusisha vijana 894 wa Cameroon, Uganda na Afrika Kusini waliokuwa wakihesabiwa kuwa na aina ya kwanza, ulikuta takriban theluthi mbili hawana zile alama za kinga kuishambulia kongosho. Inawezekana chanzo cha ugonjwa wao ni kingine. Lakini kongosho zao nazo zilikuwa zinatoa insulini kidogo, na hakuna mtafiti aliyewaambia waache sindano.

Insulini ikiisha, au friji isipokuwepo

Mara nyingi kinachoisukuma familia kwenye vidonge ni kichupa kilichoisha siku ya Ijumaa jioni, au friji ambayo haipo, na hapo ushawishi wa shangazi huwa hauhitajiki. Kidonge kinakaa popote, kinabebeka, kinapatikana duka la karibu.

Kuhusu friji, kuna utafiti ambao kila familia ya vijijini ingefaa kuujua. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, ambako joto hupanda hadi nyuzi 37 mchana na kushuka hadi 25 usiku. Wakairudia hali hiyo maabara. Matokeo yaliyotoka mwaka 2021 yalionyesha insulini ilibaki na nguvu zake kwa wiki nne. Kama inawezekana Dadaab, inawezekana Uru na Mwika, ambako usiku unalala na blanketi mbili. Kichupa kinachotumika kinaweza kukaa nje ya friji kwa wiki nne, kivulini, mbali na jiko na jua, mjini Moshi wakati wa joto la Januari ikiwezekana kwenye chungu kilichozungushiwa mchanga wenye maji. Kwenye basi kikae kwenye mkoba miguuni kwako, kisiwekwe kwenye buti. Kisigande. Insulini iliyoganda hutupwa.

Kuhusu kuisha, Tanzania ni moja ya nchi zilizo kwenye mpango wa Changing Diabetes in Children ulioanza mwaka 2009, ambao huwapa watoto na vijana insulini na vifaa vya kupimia bila malipo kupitia kliniki maalumu. Kama bado unanunua insulini ya mtoto mfukoni, uliza KCMC, Mawenzi au kituo kilicho karibu kama mwanao ameandikishwa. Ukibakiwa na ya wiki moja, hiyo ndiyo siku ya kupiga simu kliniki.

Halafu Januari inafika, shule zinafunguliwa, na mkoa huu una shule za bweni kila kona. Shule nyingi hufungia dawa zote za wanafunzi kwenye kabati moja, na matroni huzigawa kwa mkupuo baada ya chakula cha jioni. Kwa metformini utaratibu huo ni sawa kabisa. Kwa insulini za kawaida zinazotumiwa na watoto wengi hapa nchini, ambazo huchomwa nusu saa hivi kabla ya kula, unaharibu hesabu ya usiku mzima. Matroni anahitaji karatasi yenye saa mbili tofauti, ya sindano na ya kidonge, yenye jina la dawa inayoweza kurukwa mtoto akiumwa tumbo na ile isiyorukwa kamwe, na namba ya simu ya nesi wa kliniki. Iandikwe kwa Kiswahili, kwa kalamu isiyofutika, na nakala yake mtoto akae nayo kwenye mkoba wa madaftari.